Nane za Dawa, Kumi na Mbili za Maji

Mama mwenye nyumba wangu hapa Chanika akinitambulisha kwa wageni husema, "Huyu ndiye binti yetu, anauza dawa hospitalini." Nimeshamweleza mara tatu kwamba siuzi. Ananisikiliza vizuri, anaitikia, na mgeni wa nne akibisha hodi nauza tena. Simlaumu. Mfamasia wa hospitali watu wanamjua kama mkono unaochomoza kwenye kidirisha chenye nondo: unapokea karatasi, unarudisha vidonge ndani ya kibahasha, na sauti inatoka kwa nyuma, "Moja kutwa mara tatu." Na kusema kweli, siku nyingine sauti yenyewe imenuna.

Kidirisha hicho nakijua, nimekaa nyuma yake miaka miwili. Siku hizi zamu zangu nyingi, hasa za usiku, nazifanya upande wa pili wa jengo, kwenye kile chumba ambacho Dar nzima inakiita imajensi. Nikisema hivyo watu hushangaa. Huko unafanya nini? Madaktari wapo, manesi wapo, dawa si inaandikwa tu na kuletwa?

Basi nianze na usiku mmoja.

Ilikuwa inakaribia saa tisa. Binti wa miaka kumi na tisa, mimba ya miezi minane, aliletwa kwa bajaji kutoka Zingiziwa. Tangu jioni alikuwa analalamika kichwa na kuona nyota nyota, akameza Panadol, akalala. Usiku akaanza kukakamaa na kutoa povu. Bibi yake aliyemleta alikuwa bado ameshika chupa ya kombe mkononi. Presha 180 kwa 120. Kifafa cha mimba.

Daktari alikuwa upande wa kichwa anaangalia njia ya hewa. Nesi alikuwa anatafuta mshipa kwenye mkono usiotulia. Mkunga ameinamia tumbo anasikiliza mapigo ya mtoto. Mimi nilikuwa kwenye troli ya dharura, mgongo ukutani, na daktari alipotamka "magneziamu" ampuli ya kwanza nilikuwa nimeshaivunja shingo.

Hesabu yake iko hivi. Mama anahitaji gramu 4 za magneziamu salfeti kwenye mshipa, polepole, dakika 5 hadi 20. Lakini ampuli tulizonazo zimekolea kwa asilimia 50: mililita 10 zina gramu 5. Ukiisukuma kama ilivyo unaunguza mshipa. Ukiisukuma haraka unaweza kuzima pumzi ile ile uliyokuja kuiokoa. Inabidi izimuliwe mpaka asilimia 20. Kwa hiyo mililita 8 za dawa, mililita 12 za maji ya sindano, jumla 20 ndani ya bomba moja. Nane za dawa, kumi na mbili za maji. Naisema kwa sauti huku navuta, na aliye karibu nami anairudia. Mtu asiyejua akitusikia atadhani tunaimbishana kama watoto wa chekechea. Lakini kuna siku nilisoma lebo kwa uchovu, nikataja jina la dawa nyingine, na nesi badala ya kurudia akasema, "Soma tena, dada." Tangu hapo sina aibu ya kuimba.

Baada ya hiyo kuna gramu 10 nyingine za misuli, tano kila tako, kila bomba likiwa na mililita moja ya lignokaini kwa sababu sindano hiyo inauma vibaya mno. Na pembeni, bila kuagizwa na mtu, naweka kalsiamu glukoneti gramu 1. Hiyo ndiyo inayoikata magneziamu ikizidi: ukigonga goti na mguu hauruki, au pumzi zimeshuka chini ya 16 kwa dakika, hakuna muda wa kwenda kuitafuta stoo.

Mchana, mezani, hesabu hii ataifanya mwanafunzi wa darasa la sita. Saa tisa usiku, ndugu wanalia mlangoni na kitanda kinatikisika, nane na kumi na mbili hubadilishana nafasi bila kuaga. Aliyeshika mshipa asibebeshwe na hesabu.

Degedege lilikata. Mtoto alitolewa kwa upasuaji kabla ya adhana ya alfajiri, kilo mbili na ushee. Bibi alipotulia alimshukuru daktari, akamshukuru mkunga, nesi, na mlinzi wa getini aliyesaidia kusukuma machela. Mimi aliniuliza dirisha la dawa linafunguliwa saa ngapi.

Kilichonileta kwenye kazi hii ni funguo.

Jumatano ya tarehe 16 Februari 2011 nilikuwa kidato cha tatu, nakaa kwa shangazi Ukonga. Usiku maghala ya silaha ya jeshi pale Gongo la Mboto yakaanza kulipuka. Mbagala ilikuwa imelipuka vile vile Aprili 2009, kwa hiyo mtaani hakuna aliyeuliza ni nini. Watu walitoka mbio na walivyovaa. Watu zaidi ya 20 walikufa, mamia wakajeruhiwa, na siku zilizofuata Uwanja wa Uhuru ulijaa familia zisizo na pa kulala na watoto waliopotezana na wazazi wao gizani.

Shangazi ana pumu. Alikimbia na kanga moja na mkono wangu. Pampu yake ikabaki juu ya friji. Tulikwenda kwa miguu pamoja na umati mzima, vumbi, moshi, na kifua chake kikaanza kupiga filimbi. Njiani tukapata zahanati iliyoachwa wazi. Siitaji, na wala haina kosa. Nesi alikuwa mmoja, watu wamejaa mpaka barazani. Dawa ya pumu ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya kabati, kabati limefungwa, na mwenye funguo alikuwa amekimbia mabomu kama sisi. Kijana mmoja fundi wa kuchomelea alilibandua bawaba kwa kipande cha nondo. Shangazi mpaka leo yupo, anachoma vitumbua Majohe, na kila akinitazama nimevaa koti jeupe ananiuliza kama funguo ninazo.

Ninazo, shangazi.

Watu wakisikia timu ya dharura wanapata picha ya watu wanaokimbia kwenye korido. Mimi sehemu kubwa ya kazi naifanya nimekaa kwenye stuli, hakuna mgonjwa, nahesabu. Droo ya juu ni dawa za moyo na pumzi: adrenalini, atropini, na wenzao. Ya pili ni ya degedege na sukari iliyoshuka. Ya tatu ni dripu, mabomba na maji ya sindano. Kila kitu kina mahali pake, na mahali pake hapabadiliki hata daktari mkuu akitaka, kwa sababu usiku mkono hautafuti, unakwenda. Nikimaliza nafunga na lakiri ya plastiki yenye namba, naandika namba kitabuni. Asubuhi lakiri ikiwa nzima, troli haikuguswa. Ikiwa imekatika, naanza upya ampuli moja moja, na tarehe za kuisha muda zote nazisoma.

Uzito wa jambo hili niliujua mwaka wa mafunzo kazini, katika hospitali ambayo nayo siitaji. Niliambiwa nikague troli ya wodi moja. Adrenalini zilikuwa tatu, zote muda umepita. Maji ya sindano hakuna. Droo ya chini kabisa nikakuta robo kilo ya sukari na pakiti ya majani ya chai. Nilicheka, nikamwita mwenzangu aje acheke. Halafu tukatazamana, kicheko kikatukauka.

Na kuna vitu ambavyo kazi yangu ni kuhakikisha havimo. Potasiamu kloraidi iliyokolea ni maji maji meupe ndani ya ampuli ya mililita 10. Maji ya sindano nayo ni maji maji meupe ndani ya ampuli ya mililita 10. La kwanza likisukumwa mshipani bila kuzimuliwa linasimamisha moyo. Kuandika lebo nyekundu hakutoshi, maana anayechukua usiku hasomi rangi, anachukua umbo. Dawa ile inakaa chumba kingine kabisa, kwenye kabati lake.

Adrenalini ni hadithi nyingine, maana ni dawa moja yenye tabia mbili. Moyo wa mtu mzima ukisimama, inaingia mshipani miligramu 1 kila baada ya dakika 3 hadi 5, huku wenzangu wanakandamiza kifua. Wanaokandamiza wanahesabu migandamizo, daktari anatazama skrini, kwa hiyo saa ya ukutani inakuwa yangu. Mimi ndiye ninayesema, "Dakika tatu zimefika, ya pili iko tayari." Lakini mtu aliyevimba koo kwa kung'atwa na nyuki au kwa sindano ya penisilini, moyo wake bado unapiga, huyo anapewa nusu miligramu tu, tena kwenye msuli wa paja. Ukimpa kwa mshipa dozi ya aliyekata roho, unaweza kumuua aliye hai.

Kwa mtoto mambo yanakuwa membamba zaidi. Mzazi amekimbia naye, hajui kilo zake, na mizani iko kliniki. Tunakadiria: umri jumlisha nne, zidisha mbili. Wa miaka mitatu anakuwa kilo 14. Ampuli moja ya adrenalini naizimua na maji mililita 9, zinakuwa 10. Moyo wake ukiwa umesimama, kila kilo inapata sehemu moja ya kumi ya mililita, yaani huyu anapata mililita 1.4. Nimebandika jedwali la hesabu hiyo kwenye kifuniko cha troli kwa gundi ya uwazi, miaka 1 hadi 10, maana sitaki hata mimi mwenyewe nihesabu.

Sasa niwaambie habari ya mchicha. Huku kwetu, kuanzia Msongola mpaka Mvuti, kwenye mabonde watu wanalima mboga zinazoliwa mjini, na wanapuliza dawa ya wadudu kifua wazi, wengine dhidi ya upepo. Kijana akiletwa amejaa jasho, mate yanachuruzika, mboni za macho zimekuwa kama tundu la sindano na kifua kinakoroma maji, tunajua ni nini. Dawa yake ni atropini, na inatolewa kwa namna ya ajabu: unaanza na miligramu 2, baada ya dakika 5 kifua hakijakauka unaongeza mara mbili, 4, kisha 8, kisha 16. Jumlisha: robo saa tu, miligramu 30. Ampuli zetu ni za miligramu 1. Droo ina kumi. Daktari anaandika "atropini, rudia" bila kuinua kichwa, na ni haki yake kutoinua; lakini ni lazima awepo mtu ambaye kwenye dozi ya kwanza tayari ameshaona kwamba ya tatu itamaliza droo, na ametuma mtu stoo kabla haijaombwa. Nikiulizwa mfamasia anafanya nini imajensi, huo ndio mfano ninaoutoa. Naangalia dozi inayokuja.

Maafa makubwa ni hesabu hiyo hiyo ikizidishwa. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililopinduka lililipuka watu wakichota petroli. Waliokufa, pamoja na waliokufia hospitalini baadaye, walizidi 100, na majeruhi wengi waliletwa Muhimbili. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza mwaka wa nne chuoni. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu tuliyofundishwa: mililita 4, mara kilo, mara asilimia ya ngozi iliyoungua. Mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 40 anahitaji mililita 9,600 kwa saa 24 za kwanza, nusu yake ndani ya saa 8. Hizo ni chupa ishirini za nusu lita, kasoro kidogo. Kwa mtu mmoja. Wakija kumi wa namna hiyo ni karibu chupa 200 kabla ya jua la kesho, na bado hujagusa mofini wala dawa ya kupaka.

Kisha ikaja Kariakoo. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka na watu wakanaswa chini ya zege kwa siku kadhaa. Aliyebanwa mguu saa nyingi misuli yake inakufa akiwa anaongea, na misuli ikifa inamwaga potasiamu. Nguzo ikiinuliwa, damu inarudi na potasiamu yote inakwenda kwenye moyo. Ndiyo maana unasikia mtu ametolewa akiwa hai, watu wamepiga makofi, halafu amefariki njiani. Anatakiwa aingiziwe maji ya chumvi tangu akiwa bado chini ya kifusi, na kalsiamu iwe karibu.

Hapa ndipo panaponivutia mimi kama mtu wa dawa. Dripu inayotakiwa kwa walioungua ni Ringer. Kwa waliobanwa na zege ni marufuku, kwa sababu ina potasiamu ndani yake, kidogo lakini imo. Dripu ile ile. Kwa macho, chupa ya Ringer na ya maji ya chumvi ni mapacha. Siku ile ya Kariakoo kwetu tuliambiwa tujiandae endapo hospitali za mjini zitajaa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutoa Ringer zote kwenye rafu ya chumba cha kupokelea, katoni kwa katoni, nikazirudisha stoo. Mhudumu aliniuliza kwa nini natoa dawa wakati watu wanaleta. Swali zuri tu.

Nyoka nawataja kwa kifupi, kwa sababu tumepakana na msitu wa Kazimzumbwi na wa Pugu na kila msimu wa kulima kuna aliyekanyaga kifutu. Dawa ya kuzuia sumu, ile ya unga, inayeyushwa kwa kuizungusha chupa kiganjani taratibu. Ukiitikisa inatoa povu kama sabuni na muda unakwenda. Na wazazi wakumbuke hili: mtoto anapewa dozi sawa na mtu mzima. Nyoka hakumpunguzia sumu kwa kuwa ni mdogo.

Je, haya yote yana ushahidi au ni mfamasia anajipigia debe? Wamarekani walianza zamani kuwaweka wafamasia kwenye timu za kufufua moyo, na mwaka 1999 ulitoka utafiti wa hospitali zao zaidi ya 1,000 ulioonyesha kwamba zile ambazo mfamasia alishiriki kwenye timu hizo zilikuwa na vifo vichache kuliko wenzao. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuapa kwamba sababu ni mfamasia. Pengine hospitali inayomwita mfamasia inajipanga vizuri kwa mengine pia. Mimi inanitosha.

Nchini mwetu tiba ya dharura yenyewe ni changa. Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa Januari 2010, na madaktari bingwa wa fani hiyo wakaanza kufundishwa hapo hapo. Baadaye, kwenye zile shilingi trilioni 1.3 za mapambano ya UVIKO-19, serikali ikajenga majengo ya dharura kwenye hospitali nyingi. Majengo ni mazuri. Ila katika hospitali nilizopita mimi, nilipouliza mfamasia anasimama wapi nilionyeshwa dirisha. Wafamasia wanasomeshwa Dar es Salaam tangu 1974. Ni miaka minne ya chuo na mmoja wa mafunzo kazini, kisha mtu anaketishwa kuhesabu amoksilini, kazi ambayo fundi dawa sanifu anaifanya vizuri tena kwa kasi. Nadhani tunatumia panga kukatia uzi.

Wapo madaktari wasiopenda. Mmoja, wiki ya kwanza, aliniambia, "Famasi, unanizibia mwanga." Alikuwa na haki, nilikuwa nimesimama mbele ya taa. Nilisogea ukutani, nikabaki hapo hapo, na huko ndiko nilikojifunza kwamba nafasi yangu ni kwenye troli na si kitandani. Siku hizi yeye ndiye anayeuliza nani yuko zamu famasi.

Kuna kazi moja zaidi ambayo naifanya nje ya chumba, kwa ndugu. Mgonjwa hajitambui, ninyi mliomleta nawauliza anatumia dawa gani nyumbani. Jibu la kawaida: "Vile vidogo vyeupe." Vidonge vidogo vyeupe hapa mjini ni mia. Vingine vinafanya damu isigande, vingine vinashusha sukari mpaka mtu anaanguka, na daktari anatakiwa ajue ndani ya dakika kumi za kwanza. Kwa hiyo mkikimbia, bebeni mfuko wa dawa wote, na kopo la dawa ya mchicha au ya panya kama ndiyo iliyonywewa, na mizizi pia kama amekunywa mizizi. Sigombi. Nataka kusoma tu.

Jumapili iliyopita nilitoka zamu ya usiku, nikapanda gari Gongo la Mboto, nikalala mpaka Chanika Mwisho kondakta akanigonga bega. Nyumbani nikamkuta Mama mwenye nyumba barazani anachambua mchele. Nikamwambia, mama, hebu niletee dawa zako zote za presha nizione. Akaingia ndani, akarudi na mfuko wa rambo uliokuwa umening'inizwa kwenye msumari. Nilimwaga kwenye ungo. Kulikuwa na za marehemu mume wake. Kulikuwa na za mbuzi, nazo nikaziweka kando. Na kulikuwa na pakiti mbili za rangi tofauti, moja ya hospitali na nyingine aliyonunua duka la dawa muhimu, majina mawili, alizokuwa anameza zote kila asubuhi. Nikazigeuza nyuma nikamwonyesha yale maandishi madogo: amlodipini, na amlodipini.

"Ndiyo maana miguu inavimba?" akauliza.

Nikamwambia inawezekana, kesho twende kliniki wampime. Nikachukua ile pakiti moja na za marehemu, nikatia kwenye mkoba wangu. Akanitazama mpaka nikafunga zipu.

"Sasa hizo unazochukua," akasema, "unanilipa shilingi ngapi?"